Leseni ya bure, kadi bandia: uchambuzi wa kisa cha programu huria katika shule moja ya Lubumbashi

Kisa hiki ni cha shule moja ya sekondari ya binafsi mjini Lubumbashi iliyoacha Windows na kuhamia programu huria (zile ambazo leseni yake inakuruhusu kutumia, kunakili na kugawa), kuanzia Septemba 2023 hadi mwisho wa 2024. Jina la shule, komuni yake na lolote linaloweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Vifaa, makosa na mfuatano wa mambo vimeachwa jinsi vilivyokuwa.

Hali ilivyokuwa

Shule ina darasa la 7 na la 8 za elimu ya msingi, kisha miaka minne ya humanite (sekondari ya juu). Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine 12 za mezani zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumika: nyingi zenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski za GB 160 mpaka 500. Zote zilikuwa na Windows 7 iliyovunjwa ufunguo, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama Januari 2020. Virusi vya flashi, vile vinavyoficha folda za mtu na kuacha njia ya mkato mahali pake, vilikuwa vimeenea chumba kizima. Mwalimu wa TIC (teknolojia ya habari na mawasiliano) alifundisha kwa mashine tano tu. Zilizobaki zilichukua dakika kumi kuwaka, na kipindi chenyewe ni dakika 50.

Intaneti haikuwapo isipokuwa mega (data) za simu ya mwalimu. Kuranti (umeme) ilikuja na kwenda. Siku nyingine ilirudi alasiri, watoto wamekwisha kwenda nyumbani.

Ilipopendekezwa kuhamia programu huria, mwenye shule aliuliza swali moja: itagharimu kiasi gani? Alipoambiwa programu ni bure, alikubali siku ile ile. Kukubali huko kwa haraka ndiko kulikozaa matatizo ya kwanza, kwa sababu bajeti ikapangwa kana kwamba kila kitu ni bure. Zilitengwa dola 90 kwa kompyuta ndogo ya kuwa seva (ya kugawa maktaba kwa mashine nyingine) pamoja na kadi yake ya kumbukumbu, na hakuna aliyeandika senti moja ya betri au diski ya akiba. Walimu nao hawakuona jipya. Windows ya zamani pia hawakuwa wameilipia, kwa hiyo bure ya leo na bure ya jana zilionekana sawa. Tofauti yake ni nini? Jibu la swali hilo lilichelewa miezi saba.

Mashine kumi na mbili

Fundi alichagua Debian 12, mfumo huria wa familia ya Linux uliotoka Juni 2023, pamoja na mazingira mepesi ya Xfce. Kwa RAM ya GB 2 huo ni uamuzi mzuri: Xfce ikiwaka inaacha nafasi ya LibreOffice (programu huria za ofisi) na kivinjari chenye kurasa mbili tatu. Ziliongezwa Klavaro kwa ajili ya kujifunza kuchapa kwenye kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), Scratch ya kujifunza kuandika programu, na GCompris, michezo ya kujifunzia, kwa ajili ya wadogo wa jirani wanaokuja mchana.

Alisakinisha mashine moja, akakusudia kuinakili kwenye nyingine kwa Clonezilla. Wazo sahihi, mashine ya mfano siyo. Ilichaguliwa ile nzuri kuliko zote, yenye diski ya GB 500, na Clonezilla kwa kawaida hairejeshi nakala kwenye diski iliyo ndogo kuliko ya asili, hata data yenyewe ikiwa GB 12 tu. Mashine zenye GB 160 zikakataa, na siku nzima ya kazi ikaenda. Mfano hutengenezwa kwenye diski ndogo kuliko zote, halafu kwenye zile kubwa sehemu ya diski inapanuliwa.

Baada ya kunakili, mashine zote zilikuwa na jina moja na utambulisho mmoja katika faili ya /etc/machine-id. Kila nakala ilibidi ipewe jina lake, na faili hiyo ifutwe maandishi yake ili mfumo uiandike upya unapowaka. Kazi ya dakika tatu kwa mashine, ukikumbuka.

Saa za mashine tatu zilirudi mwaka 2009 kila zilipozimwa. Programu ya apt, inayosakinisha programu nyingine, ikakataa orodha za vifurushi ikidai kwamba muda wake haujaanza. Sababu ni betri ya CR2032 kwenye ubao, iliyokwisha. Inauzwa sokoni kwa bei ya mkate.

Mwishowe mashine tisa zilipona. Tatu zikawa vipuri, RAM zake zikaongezwa kwenye nyingine.

Seva, kadi bandia na kuranti

Seva ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) iliyowekwa Kiwix, inayosoma Wikipedia na maktaba nyingine bila intaneti kutoka kwenye faili za ZIM, na Kolibri, inayopanga video na mazoezi kwa madarasa na kumwonyesha mwalimu nani amefanya nini. Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha inazidi GB 30, na kwa mega za simu haiingii hata kwa ndoto. Ilishushwa usiku na mtu mwenye intaneti ya kazini kwake, kwa torenti, maana torenti ikikatika inaendelea ilipoishia na inajihakiki yenyewe.

Diski ya nje iliyoleta faili ilikuwa na muundo wa FAT32. Muundo huo haupokei faili moja inayofika GB 4, hata diski ikiwa tupu. Mtu akarudi mikono mitupu, akaibadilisha iwe exFAT, isiyo na kikomo hicho, akaenda tena.

Kisha kadi. Ilinunuliwa sokoni, imeandikwa GB 128, bei nzuri mno. Faili zote zilinakiliwa bila onyo lolote. Wiki ya kwanza makala zilizo mwanzoni mwa faili zilifunguka, zilizo mbele zikaleta kurasa tupu, na video za Kolibri zikasimama katikati. Kadi ilikuwa na GB 16 za kweli. Kilichozidi hapo kiliandikwa hewani. Kadi za namna hii zimechezewa ili zijitangaze kubwa, na kompyuta inaziamini. Njia ya kuzibaini ni kuzijaza kabisa na kuzisoma tena kwa programu huria ya f3: unaandika kwa f3write, unasoma kwa f3read, inakuambia ni kiasi gani kimepotea. Inachukua saa kadhaa. Muuzaji alikubali kubadilisha kwa sababu aliletewa matokeo, hakuletewa malalamiko.

Kadi ya pili ilikuwa halisi, na ikafa Novemba. Safari hii kosa lilikuwa la kukatika kwa kuranti. Pi ikizimika ghafla wakati inaandika, mfumo wa faili kwenye kadi unaweza kuharibika, na Kolibri inaandika wakati wote kwa sababu inahifadhi maendeleo ya kila mwanafunzi. Majina na alama za wiki sita zilipotea. Hakukuwa na nakala.

Hapo ulifanywa uamuzi bora wa mwaka mzima: Pi iliwekwa pembeni, ikanunuliwa laptop iliyotumika yenye betri inayoshika saa mbili, kwa dola 130. Inakula umeme zaidi ya Pi, wati 15 hadi 20 dhidi ya 5 hivi, lakini betri, kibodi na kioo vimo ndani, na saa yake haisahau tarehe kama ya Pi 4, isiyo na betri ya saa. Mambo manne yalirekebishwa:

- kwenye /etc/systemd/logind.conf, HandleLidSwitch iliwekwa ignore, ili kufunga kifuniko kusiilaze;
- ilipangwa ijizime yenyewe taratibu betri ikifika asilimia 15;
- ukanda wa saa uliwekwa Africa/Lubumbashi. Awali ilikuwa Kinshasa, nyuma kwa saa moja, na ripoti za Kolibri zilionyesha watoto wakifanya mazoezi kabla ya kengele;
- kila Ijumaa data ya Kolibri inanakiliwa kwenye flashi inayokaa kwenye kabati ya mhasibu, mbali na chumba cha kompyuta.

Ruta ya Wi-Fi nayo ilihitaji umeme wake. Ni ya volti 12, inakula wati 6 au 7. Betri ya volti 12 na Ah 7 ikitumika nusu tu, ili isichakae upesi, inatoa Wh 42, yaani kama saa sita. Tahadhari moja: betri ikichajiwa, volti zake hupanda kupita 14, kwa hiyo ruta isiunganishwe nayo moja kwa moja wakati huo bila kidhibiti.

Mashine za mezani zilibaki zikitegemea kuranti. Tisa pamoja na vioo vyake zinakaribia kilowati moja, na hakuna betri ya bei nafuu ya kubeba mzigo huo. Hesabu hii ndiyo iliyogeuza mradi: chumba kinalala kuranti ikiondoka, seva na ruta haviathiriki.

Darasa la nne la nani?

Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa humanite alifungua hesabu zilizoandikwa “4e” akakuta mazoezi ya watoto, akafunga. Hakuwa peke yake. Video na mazoezi ya Khan Academy (tovuti ya masomo ya bure) kwa Kifaransa yalikuwa yamepangwa kwa madarasa ya Ufaransa, ambako namba zinashuka kadiri mtoto anavyopanda. Mwalimu wa hesabu alitengeneza jedwali na kulibandika ukutani: darasa letu la 7 ni 5e yao, la 8 ni 4e, mwaka wa kwanza wa humanite ni 3e, wa pili ni seconde, wa tatu première, wa nne terminale. Karatasi hiyo moja ilileta watumiaji wengi kuliko mafunzo ya siku mbili waliyopewa walimu.

Hata hivyo namba za madarasa hazitoshi, kwa sababu mpangilio wa mada haufanani. Walimu waliofanikiwa hawakuwaambia watoto “fungueni hesabu”. Walitengeneza somo ndani ya Kolibri kwa kila wiki: video mbili, zoezi moja, jaribio la maswali matano. Waliowaachia watoto orodha nzima walipata kelele na michezo.

Mzazi na Word

Februari ulifanyika mkutano wa wazazi. Mama mmoja alisimama: “Bwana prefe, siye tunalipaka minervali juu mutoto ajue Word, hapana bile bingine.” Minervali ni ada ya shule. Lalamiko lake lilikuwa na msingi. Makampuni ya mjini yanauliza Word na Excel kwenye usaili, na mzazi anaona aikoni asiyoijua.

Prefe (mkuu wa shule) alimjibu kwa vitendo. Barua moja iliandikwa kwenye LibreOffice, ikahifadhiwa kama docx, ikafunguliwa kwenye laptop ya mzazi mmoja. Ikaharibika: mistari ilisogea, ukurasa mmoja ukawa miwili. Aibu, lakini yenye faida, kwa kuwa sababu ilijulikana. Barua ilitumia muundo wa zamani wa ofisi wenye herufi za Calibri, ambazo Debian haina. Vifurushi vya Carlito na Caladea vina herufi zenye vipimo sawa na Calibri na Cambria. Vilisakinishwa kwenye mashine zote, na wiki iliyofuata barua hiyo ikakaa sawa. Mwalimu wa TIC pia aliongeza vipindi viwili vya kulinganisha menyu za pande zote mbili.

Ofisi ya karani iliachwa na Windows yake. Buletini (ripoti za alama) zilikuwa kwenye faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha), na kuzihamisha katikati ya mwaka kungekuwa kutafuta ugomvi bure.

Jumamosi ya kunakili

Mpaka Machi simu zilikatazwa shuleni na kila kitu kilikuwa kwenye chumba kinachotegemea kuranti. Kisha wanafunzi wawili wa mwaka wa nne, wanaojiandaa na mtihani wa Taifa, waliomba Wikipedia ya kemia “kwenye kadi”. Baraza la walimu lilibishana. Hoja ya kukataa: tutaibiwa mali ya shule. Hoja ya kukubali ilitoka kwa mwalimu wa TIC, na hapa ndipo swali la Septemba, la tofauti ya bure na bure, lilipopata jibu. Windows iliyovunjwa ni bure kwa sababu hakuna aliyekukamata. Debian, Kiwix na Kolibri zinakuruhusu kwa maandishi kunakili na kumpa mwenzako. Ukiifungia chumbani, umetumia sehemu ndogo ya ulichopewa.

Simu ziliruhusiwa Jumamosi asubuhi tu, kwa kazi hiyo moja. Faili kubwa haziingii kwenye simu zenye GB 8 zilizobaki, kwa hiyo zilitayarishwa faili za Wikipedia za somo moja moja (kemia, fizikia, hesabu, jiografia), na Vikidia (ensaiklopidia ya watoto) kwa wadogo zao wa nyumbani. Kadi za simu za zamani zina muundo wa FAT32. Faili zinazozidi GB 4 zilikatwa kwa zimsplit, na Kiwix inazisoma vipande vyake vikikaa kwenye folda moja. Kiwix yenyewe ilitolewa kama APK (faili la kusakinisha) kutoka kwenye tovuti ya mradi, kwa sababu ile ya Play Store wakati huo ilikuwa imebanwa kusoma faili ulizojiwekea mwenyewe kwenye kumbukumbu ya simu.

Kilichosumbua zaidi ni kitu kidogo. Mtoto anaunganisha simu kwenye Wi-Fi ya shule, simu inaona hakuna intaneti, inarudi kimya kimya kwenye mega, na anwani ya seva haifunguki. Dawa ni kuzima data ya simu kwanza. La pili: kivinjari kinajaribu https chenyewe, na seva haina. Anwani iandikwe yote, http:// mwanzoni na :8080 mwishoni. Ilichapwa kama msimbo wa QR mlangoni, ubishi ukaisha.

Kadi zote zilijazwa kutoka kwenye mashine moja ya Debian. Virusi vya Windows haviamki humo, lakini vinasafiri na kadi mpaka kwenye laptop ya baba. Kwa hiyo faili za .lnk (njia za mkato) na autorun.inf (ya kujiwasha) zilifutwa kwanza, na folda zilizofichwa zikarudishwa kwa wenyewe. Watoto wengine walifurahia folda zao zilizofufuka kuliko Wikipedia.

Mwezi Mei duka moja la fotokopi lilianza kuuza nakala. Prefe alitaka kwenda kugombana. Akashauriwa asome leseni kwanza. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya CC BY-SA, ambayo inaruhusu hata kuuza, mradi chanzo kitajwe na leseni ibaki ile ile. Kiwix na Debian nazo haziwazuii wauzaji. Lakini video za Khan Academy ziko chini ya CC BY-NC-SA, na biashara hairuhusiwi. Mwenye duka alikubali kuacha video na kubaki na Wikipedia. Shule ikapata kituo cha pili cha kunakili bila kulipa mshahara.

Fundi alipohama

Agosti fundi alipata kazi Kolwezi. Nenosiri la msimamizi alikuwa nalo yeye tu, na simu yake haikupatikana wiki mbili. Seva iliendelea kufanya kazi, lakini hakuna aliyeweza kuongeza darasa jipya la Septemba.

Iliokolewa hivi. Wakati wa kuwaka, kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo), unabonyeza e; kwenye mstari unaoanza na linux unabadilisha ro iwe rw, na mwisho wa mstari unaongeza init=/bin/bash; kisha Ctrl na X. Hapo unaandika passwd na kuweka nenosiri jipya. Mtego ni kwamba GRUB inaichukulia kibodi kuwa QWERTY. Kwenye AZERTY ya Kifaransa alama ya / iko kwenye kitufe cha !, na herufi a iko kwenye Q. Nenosiri nalo kwa kawaida linaandikwa kwa mpangilio huo huo, kisha ukiingia kwa AZERTY linakataliwa, unadhani umekosea. Chagua la muda lisilo na a, q, w, z, m wala tarakimu, ulibadilishe ukishaingia. Kwa Kolibri, msimamizi mpya alitengenezwa kwa amri ya kolibri manage createsuperuser.

Tangu hapo nenosiri liko kwenye bahasha iliyofungwa, kabatini kwa mhasibu, karibu na ile flashi ya Ijumaa.

Matokeo

Daftari la Jumamosi linaonyesha kadi na simu 160 hivi zilizojazwa kati ya Aprili na Juni 2024, zaidi ya theluthi moja zikiwa za watu wasio wanafunzi wa shule: kaka, majirani, mwalimu wa shule nyingine. Familia nne zilizo na laptop nyumbani ziliweka Kolibri na kuingiza masomo kutoka kwenye flashi. Mbili kati yake zinaitumia kumfundisha mtoto wa shule ya msingi jioni, dada mkubwa akiwa ndiye mwalimu kwenye mfumo. Walimu sita kati ya 14 ndio wanaotengeneza masomo kila wiki. Alama za mitihani hazikulinganishwa, kwa sababu walimu wawili wa hesabu walibadilika mwaka huo huo.

Uchambuzi

Kupanga bajeti kwa neno “bure” lilikuwa kosa la msingi, na makosa mengine mengi yalitokana nalo. Kadi iliyokufa, Pi iliyokaa bila kazi na safari za bure zilikaribia bei ya laptop ambayo ingenunuliwa tangu mwanzo. Kwa mji wenye kuranti isiyotabirika, betri ya seva ni sehemu ya seva. Pi inafaa pale ambapo kuna umeme wa jua uliotulia na diski ya SSD badala ya kadi.

Kupoteza alama za wiki sita kuligharimu zaidi ya data. Walimu wawili waliokuwa wameanza vizuri hawakurudi tena kwenye Kolibri. Mtu akishaingiza majina ya watoto 48 kwa mkono, humwombi mara ya pili. Majina yangeingizwa kwa faili la CSV (jedwali la maandishi) tangu mwanzo, hasara ingekuwa nusu.

Kuiacha ofisi ya karani ilikuwa busara. Wengi wanaohamia programu huria wanataka kuhamisha kila kitu siku moja, kisha buletini zikichelewa lawama yote inaangukia Linux.

Jumamosi ya kunakili ilifaulu kwa sababu haikutegemea kuranti ya mchana, vipindi vya ratiba wala mwalimu mwenye moyo. Ilitegemea laptop moja, ruta moja na ruhusa. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayejua kadi hizo zinasomwa kiasi gani, maana Kiwix haitoi ripoti kwa mwalimu. Pia faili zinazeeka: zilizonakiliwa Aprili 2024 zitabaki za Aprili 2024 mpaka mtu azishushe upya na kupanga tena foleni ya Jumamosi. Mpaka Desemba 2024 hakuna aliyekuwa amepewa kazi hiyo.